Gari lililolala muda mrefu: Chunguza mafuta kabla ya kununua spea

WENGI waliokimbia Mocímboa da Praia mji huo ulipotekwa Agosti 2020, na Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, waliacha magari nyuma. Aliyebahatika kurudi na kulikuta gari lake hukumbana na tatizo moja: haliwaki, au linawaka na kuzimika.

Mfanyabiashara anayevuka Ruvuma na mzigo kutoka Mtwara naye analijua tatizo hilo, hasa anapotumia mafuta ya madumu. Barabara ya Palma hadi Mocímboa da Praia, yenye takriban kilomita 80, si mahali pa kukwamia jioni.

Kosa la wengi ni kukimbilia spea. Injini ya petroli inadai umeme wa betri, mafuta safi, hewa na moto wa plagi. Vikague kimoja kimoja.

Kwanza pima oili, kisha sikiliza. Ukizungusha ufunguo ukasikia 'tik' tu, tazama betri. Chumvi ya pwani huozesha vichwa vyake; vichomoe, visafishe, vikaze. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikishuka chini ya 12, ichaji.

Stata ikizunguka vizuri lakini gari haliwaki, geukia mafuta. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza nguvu na kuacha utando kama gundi kwenye chujio na nozeli. Maji nayo hukaa chini ya tenki kwa sababu ni mazito kuliko mafuta.

Toa mafuta kidogo kutoka chini ya tenki, yaweke kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Ukiona mstari na maji chini yake, mwaga mafuta yote, safisha tenki na badilisha chujio. Usinyonye mafuta kwa mdomo, na sigara ikae mbali.

Kisha piga stata na uchomoe plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila huenda moto haupo: kagua koili na nyaya, maana panya huzitafuna gari likilala. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: tazama fyuzi, pampu na chujio.

Dizeli haina moto wa plagi. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Adui wake mkubwa ni hewa na maji ndani ya mabomba ya mafuta. Toa maji kwenye chujio, kisha pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe.

Injini ikiwaka na kuzimika baada ya muda, fungua kifuniko cha tenki. Hewa ikiingia kwa kishindo na injini ikatulia, tundu la kupumulia limeziba. Kagua pia chujio la hewa na mdomo wa eksosi, ambako nyigu hujenga.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe, la sivyo itaungua. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Kazi hii ifanyike nje, kwani moshi wa injini ndani ya banda unaua.

Chujio jipya na lita chache za mafuta safi ni gharama ndogo kuliko pampu mpya iliyonunuliwa wakati ile ya zamani haikuwa na kosa.