Mlinzi Asiyewajua Watu

Katika miji yetu mingi, mtoto wa mbwa haletwi nyumbani ili awe rafiki wa familia. Analetwa kama askari aliyeajiriwa. Siku hiyohiyo huoneshwa banda lake la mbao na mabati nyuma ya nyumba, mlango ukafungwa, na watoto wakaonywa wasimchezee. Sababu inayotolewa ni moja kuanzia Mbezi hadi Rongai: akizoea watu atakuwa mpole, na mbwa mpole hafukuzi mwizi. Basi hufungiwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku, angali na umri wa miezi miwili. Hoja ya makala hii ni kwamba desturi hiyo inaharibu kilekile inachotaka kukijenga, tena inaharibu mapema, katika wiki chache ambazo mwenye mbwa huziona ni za kungoja tu mnyama akue.

Ushahidi wake ni wa siku nyingi. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, John Paul Scott na John Fuller walichunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi, wakachapisha kitabu chao mwaka 1965. Walionesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa hupokea kwa wepesi kila anachokutana nacho na kukihesabu kuwa ni sehemu ya maisha. Kipindi hicho ni kama dirisha lililo wazi: likishafungwa, jambo geni humtia hofu kwanza. Jaribio moja la hukohuko, lililochapishwa mwaka 1961, linastahili kusimuliwa. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya kiwanja chenye uzio mrefu, pasipo kuonana na watu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu, kila kundi katika umri wake, wakachezewa na kushikwashikwa, kisha wakarudishwa. Wengine hawakutolewa hadi wiki ya 14. Hawa wa mwisho walimkimbia binadamu kama wanyama wa porini. Hakuna aliyewapiga wala kuwanyima chakula. Walikosa kufahamiana na watu tu, na walipokuja kufundishwa, wakati ulikuwa umewapita.

Sasa tazama ua wa kawaida. Mtoto wa mbwa huchukuliwa kwa mama yake akiwa na wiki 8 hivi, maana yake zimebaki kama wiki 4 za dirisha hilo, nazo tunamfungia. Anachokijua kuhusu dunia ni mwanga unaopita kwenye nyufa za mbao, na mkono unaosukuma sahani ya ugali na dagaa chini ya mlango. Mwaka mmoja baadaye anabweka kwa kila kitu, na mwenye nyumba anafurahi kuwa amepata jibwa kali. Lakini mwangalie vizuri mtu anapolikaribia banda: mkia umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, mwili umerudi kinyumenyume huku meno yakiwa nje. Huyo ana hofu, na mbwa mwenye hofu humng'ata aliye karibu, si aliye mwovu. Aliye karibu mara nyingi ni dada wa kazi anayepeleka chakula, au mtoto aliyefuata mpira wake nyuma ya nyumba. Mwizi amesimama mbali, na akirusha kipande cha nyama chenye sumu, mbwa mwenye njaa ya kutwa hana sababu ya kukikataa.

Wapo watakaosema kwamba mbwa anayechezewa na kila mtu atamtikisia mkia hata jambazi. Pingamizi hili lina uzito, ila linachanganya mambo mawili. Kuulinda mji ni tabia inayokuja na ukubwa. Mbwa wengi huanza kuionesha wanapokaribia kukomaa, hata kama hakuna aliyewafundisha. Kazi ya malezi ni kumpa mbwa kipimo: ajue mtu wa kawaida anavyotembea, anavyobisha hodi na anavyosalimiana na mwenyeji, ili amtambue anayeruka ukuta saa nane za usiku. Mbwa anayembwekea muuza maziwa, mjumbe na paka kwa sauti ileile hatoi taarifa yoyote, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayeamka kumsikiliza. Na kuzoea watu hakulazimu kila mpita njia amlishe. Yatosha awaone na awasikie, na asipate madhara kwao.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatoka kwa madaktari wa mifugo wenyewe: mtoto wa mbwa asitolewe nje kabla chanjo zake hazijakamilika. Parvo huua watoto wa mbwa kwa kuwatapisha na kuwaharisha damu, na virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Kinga anayoipata mtoto kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Ukingoja zimalizike ndipo umtoe, dirisha limeshafungwa. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mafunzo ya kukutana na wengine yanaweza kuanza tangu wiki ya 7 au ya 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza. Kwetu, ambako mbwa koko hupita kila kichochoro, njia ya salama ni kumbeba. Akae mapajani barazani dakika kumi, aone bodaboda, mwavuli ukifunguka, mtu mwenye kofia na mama mwenye buibui, asikie mvua ikipiga bati. Miguu yake haijagusa barabara, na amekwisha kujifunza mengi.

Malezi hayo huanza usiku wa kwanza. Atalia, kwa kuwa hajawahi kulala peke yake. Boksi lenye gunia au khanga kuukuu, likiwekwa karibu na dirisha la chumba cha watu, humtuliza kuliko kelele za kumkaripia. Atakojoa ovyo pia. Katika umri huo hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili tatu, kwa hiyo atolewe kila aamkapo na kila amalizapo kula. Kumsugua pua kwenye uchafu wake humfundisha kukuogopa tu.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika mwambao, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Haya hayavunjwi na hoja hii. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa, na hakuna ulazima wa kumwingiza sebuleni ndipo azoee watu. Sauti, macho na sahani yake mwenyewe uani vinatosha sana.

Lipo jambo jingine linalovuka ua wa mtu mmoja. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Chanjo ya mbwa ipo, nayo kwa kawaida hutolewa mtoto wa mbwa akifika miezi 3. Lakini mbwa asiyeshikika hafungiki kamba wala hapelekwi kituoni, hata chanjo ikiwa ya bure. Hivyo mzoeshe mapema kuguswa masikio, mdomo na makucha, na umwulize ofisa mifugo wa eneo lako, kabla miezi 3 haijatimia, chanjo inatolewa wapi na lini.