Gari kuukuu la spoti: Chunguza kutu kabla ya kuvutiwa na kasi

Na MWANDISHI WETU

UZURI wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ya wahenga huwafaa mno watu wanaotamani kununua gari dogo la spoti lililokwisha kutumika, wakiwa na nia ya kulipeleka katika uga wa mbio kuliendesha kwa kasi.

Rangi huweza kung'ara, viti vikapendeza na injini ikanguruma kwa sauti tamu, kumbe chini ya sakafu chuma kimeliwa na kutu. Barabarani kasoro kama hiyo huenda isijulikane kwa miaka mingi. Ugani hujitokeza kwa sekunde moja, dereva akiwa katika kasi ya kilomita 160 kwa saa.

Nchini Uingereza, ambako burudani hii imeenea na ambako wanaishi Wakenya wengi, nyuga kama vile Brands Hatch, Silverstone, Donington Park na Snetterton huwafungulia milango madereva wa kawaida siku ambazo hakuna mashindano. Mtu hulipa ada, huonyesha leseni, husikiliza maelezo ya usalama, huvaa helmeti, kisha huingia ugani na gari lake mwenyewe.

Hayo si mashindano. Hakuna mshindi wala kombe, na kwa kawaida ni marufuku kupima muda wa kila mzunguko. Kulipita gari jingine huruhusiwa tu katika sehemu zilizotajwa, tena baada ya dereva aliye mbele kuonyesha kwamba amekubali.

Maadamu hakuna anayeshindania chochote, gari linalofaa si lile lenye nguvu kupita yote. Ni lile lililo jepesi na lenye mwili mzima.

UZITO NDIO MSINGI

Colin Chapman, mwasisi wa kampuni ya Lotus aliyefariki mwaka wa 1982, alishikilia kwamba gari hupata wepesi wa kweli kwa kupunguziwa uzito, wala si kwa kuongezewa nguvu tu. Sababu yake ni rahisi kueleweka.

Nguvu nyingi humsaidia dereva katika sehemu iliyonyooka pekee. Uzito mdogo humsaidia kila mahali: wakati wa kuongeza mwendo, wakati wa kukata kona na wakati wa kufunga breki.

Chukua mfano wa magari mawili yanayopunguza mwendo kutoka kilomita 160 hadi 80 kwa saa. Moja lina uzito wa kilo 1,000 na jingine kilo 1,500. Breki za lile zito hulazimika kumeza joto ambalo ni mara moja na nusu ya lile linalomezwa na breki za gari jepesi. Kabla hazijapoa, kona nyingine imekwisha kufika.

Ndiyo maana gari zito lenye nguvu huweza kuchosha breki zake baada ya mizunguko michache, ilhali gari jepesi lenye injini ya wastani huendelea kuzunguka. Matairi na pedi za breki pia hudumu zaidi, na mfuko wa mwenye gari hupata nafuu.

MAGARI YANAYOTAFUTWA SANA

Gari linalopendekezwa zaidi kwa wanaoanza ni Mazda MX-5. Lilizinduliwa mwaka wa 1989, na kufikia mwaka wa 2016 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya magari milioni moja. Wingi huo ni faida kubwa, kwani vipuri vyake si adimu na mafundi wanaolifahamu ni wengi.

Matoleo mawili ya kwanza, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka wa 2005, yana uzito wa takriban tani moja. Injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mpangilio huo humpa dereva onyo la mapema gari linapoanza kuteleza.

Hata hivyo, mnunuzi awe macho. Injini ya lita 1.6 iliyotangulia ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 115, lakini iliyouzwa Uingereza kuanzia mwaka wa 1995 ilipunguzwa hadi takriban 90. Ile ya lita 1.8, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1993, ina nguvu zipatazo 130 na breki kubwa zaidi.

Gari la pili ni Lotus Elise, lililoingia sokoni mwaka wa 1996 na kukomeshwa mwaka wa 2021. Toleo la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi. Fremu yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi maalum, nayo ina uzito wa kilo zipatazo 68 tu.

Wepesi huo una gharama yake. Fremu ya aina hiyo ikipinda katika ajali, si rahisi kuinyoosha kwa nyundo kama ile ya chuma. Mara nyingi hubadilishwa yote. Isitoshe, injini ya Rover iliyotumika katika magari ya mwanzo inajulikana kwa kuunguza gasketi ya kichwa cha injini. Kuanzia mwaka wa 2004, baadhi ya Elise zilitiwa injini za Toyota ambazo hazina sifa hiyo mbaya.

Gari la tatu ni Toyota MR2 ya toleo la tatu, iliyoundwa kati ya mwaka wa 1999 na 2007. Lina uzito wa karibu tani moja na injini iko nyuma ya viti. Magari ya miaka ya mwanzo yanajulikana kwa kula oili, kwa hivyo mnunuzi asisahau kuchunguza kipimo cha oili na moshi unaotoka nyuma.

Magari yenye injini katikati, kama Elise na MR2, hukata kona kwa ustadi mkubwa. Lakini dereva mgeni akiingiwa na hofu na kuondoa mguu ghafla kwenye kanyagio la mafuta katikati ya kona, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hupoteza mshiko na gari huzunguka kama pia. Anayejifunza heri aanze na MX-5.

KUTU NI ADUI ALIYEJIFICHA

Barabara za Uingereza hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo ndiyo inayokula magari.

Katika MX-5, maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa la kukunja hupitia matundu madogo nyuma ya viti. Matundu hayo yakizibwa na majani na uchafu, maji husimama ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango na kuviozesha kutoka ndani kwenda nje. Rangi ikianza kufura karibu na gurudumu la nyuma, ujue uozo umekomaa.

Toleo la pili, lililouzwa kati ya mwaka wa 1998 na 2005, lina ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Mihimili ya mbele inayobeba injini na miguu ya gari huoza kutoka ndani, nayo hufichwa na plastiki iliyo chini ya injini. Usilipe hata senti moja kabla gari halijainuliwa, plastiki hiyo ikafunguliwa na fundi akaikagua mihimili kwa tochi.

Kwa upande wa Elise, bodi ya faiba haipati kutu na hivyo huweza kuficha mengi. Kagua fremu ya alumini pale miguu ya gari inaposhikana nayo. Ufa, mkunjo au alama za kuchomelewa ni sababu tosha ya kuondoka.

JINSI YA KULIJARIBU

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupata moto huficha maradhi, ilhali injini baridi husema kweli.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mzito wa rangi ya maziwa ndani yake, huenda maji ya kupozea yanachanganyika na oili. Tazama pia maji ya rejeta. Yasiwe na mafuta yanayoelea wala rangi ya kutu. Moshi wa buluu ni ishara ya kuungua kwa oili, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanaingia ndani.

Ukiliendesha, badilisha gia kwa haraka kiasi, hasa kuingia gia ya pili. Mkwaruzo hapo ni dalili kwamba sanduku la gia limechoka. Fundi akiweza kupima mgandamizo wa kila silinda, na afanye hivyo. Vipimo visipishane sana.

Aidha, angalia nafasi kati ya milango, boneti na bodi. Upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, gari hilo lina hadithi ambayo hujasimuliwa.

Nchini Uingereza, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka wa magari tangu mwaka wa 2005 yanapatikana bila malipo katika tovuti ya serikali. Onyo la kutu lililotolewa mwaka mmoja na kutoweka mwaka uliofuata bila risiti ya ukarabati linahitaji maelezo. Kadhalika, tangu Oktoba 2017, gari lililowahi kufutwa na kampuni ya bima kwa madhara ya mhimili wake huwekwa katika kundi S, na lile ambalo mhimili wake haukuguswa huwekwa katika kundi N. La kundi S huuzwa kwa bei nafuu, lakini lisinunuliwe kabla ya kupimwa na mtaalamu.

BREKI, MATAIRI NA KICHWA CHAKO

Watu wengi hukimbilia kuongeza nguvu za injini. Fedha za kwanza zafaa ziende kwenye breki.

Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hufyonza unyevu kutoka hewani, na yakishachakaa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba dereva hukanyaga breki na kanyagio likazama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Mafuta mapya ya breki ni kitu cha bei ndogo sana yakilinganishwa na ukuta ulio mwisho wa uga. Yabadilishe kabla ya siku ya kwanza, pamoja na pedi zinazostahimili joto.

Kuhusu matairi, soma tarakimu nne zilizo ubavuni. Tairi lenye alama 2319 liliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokauka kwa uzee halishiki lami ipasavyo.

Magari haya mengi hayana paa gumu. Kwa hivyo, tia chuma madhubuti cha kumkinga dereva gari likipinduka, kilichofungwa kwenye mwili wa gari. Helmeti ya dereva ikae chini ya mstari unaotoka juu ya kioo cha mbele hadi juu ya chuma hicho. Jihadhari, kwani baadhi ya vyuma vinavyouzwa ni mapambo tu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kelele. Nyuga nyingi za Uingereza hupima sauti ya gari kwa desibeli kabla ya kuliruhusu kuingia. Ekzosi iliyotobolewa ili ingurume huweza kukurudisha nyumbani bila kuendesha hata mzunguko mmoja, na ada usirudishiwe.

HESABU YA FEDHA

Ukiwa na pauni 6,000, usinunue gari la pauni 6,000. Tafuta zuri la pauni 4,000, nyingine 2,000 uziweke kwa ajili ya breki, matairi, chuma cha kinga, maji na oili mpya, pamoja na ada ya siku za kwanza. Kumbuka pia kwamba ugani gari huweza kunywa petroli maradufu ya linavyokunywa barabarani.

Halafu soma mkataba wako wa bima. Bima nyingi za kawaida hazigharimii ajali inayotokea ugani. Sharti ukate bima maalum ya siku hiyo au ukubali hasara yako mwenyewe. Huko Ujerumani, katika barabara maarufu ya Nürburgring Nordschleife yenye urefu wa takriban kilomita 20.8, dereva anayegonga vyuma vya kando hudaiwa gharama ya kuvitengeneza.

Kanuni inayofaa ni hii: usiingie ugani na gari ambalo huna uwezo wa kuondoka na kuliacha likiwa chuma chakavu.

VIPI KUHUSU KENYA?

Wakenya wanaupenda mchezo wa magari tangu Safari Rally ilipoanza mwaka wa 1953, na waliusherehekea uliporejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021. Hata hivyo, anayefikiria kuleta nchini MX-5 ya miaka ya tisini asijisumbue.

Kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Yanayoweza kukubalika ni yale ya karibuni, kama vile MX-5 ya toleo la nne iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2015, almuradi umri wake haujapita kiwango hicho. Uzito wake bado ni takriban tani moja.

Popote pale anaponunua, mnunuzi na aende na tochi, fundi anayemwamini na moyo wa kusema hapana. Magari mazuri bado yapo mengi. Atakayeona aibu kulala chini ya gari akalikagua akiwa sokoni, huenda akakutana na kasoro zake akiwa katikati ya kona, wakati ambapo hakuna tena nafasi ya kuuliza bei.