Kumtumaini Mungu Tusipojua Sababu



Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, siku mbili baada ya Nane Nane, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia pale na madumu kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Mafuta yakalipuka. Majeruhi wenye hali mbaya walipelekwa Muhimbili, na kwa kuwa wengi wao walifariki mmoja baada ya mwingine katika siku zilizofuata, idadi ya marehemu iliendelea kupanda hadi ikapita 100. Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Wengi wa marehemu walizikwa katika makaburi ya Kola, chini ya milima yetu ya Uluguru.

Kwa sisi tunaoishi Mzumbe, habari ile haikuwa ya mbali. Barabara ya Iringa ndiyo barabara yetu, na malori ya mafuta tunapishana nayo kila tunapokwenda mjini. Msamvu ndipo tunaposhuka na kupanda magari. Kila familia ya maeneo haya ilikuwa na mtu wa kumpigia simu siku ile kuuliza kama yuko salama.

Kabla hata ya mazishi, maelezo yalikuwa yameanza kutolewa. Wapo waliosema marehemu wamevuna walichopanda, maana walikwenda kuchota mali isiyo yao. Wapo waliosema, kwa sauti ya upole zaidi, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli ya kwanza ni kali na ya pili ni ya faraja, au ndivyo tunavyodhani. Ukizitazama vizuri, zote mbili zinafanya kazi moja: zinampa mfiwa sababu ili anyamaze. Tusijitoe. Hata sisi wa seminari, tunaposimama mbele ya jeneza na hatujui la kusema, tunazishika kauli hizo kama mtu ashikavyo fimbo gizani.

Tunataka kueleza kwamba kumtumaini Mungu wakati wa shida ni jambo jingine kabisa na kuijua sababu ya shida hiyo. Mara nyingi sababu tunazozitoa kwa haraka ndizo zinazochukua nafasi ya tumaini lenyewe.

Injili ina tukio linalofanana na la Msamvu kiasi cha kutushtua. Katika Luka sura ya 13 watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa sadaka zao. Yesu mwenyewe anaongeza habari ya pili, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anauliza kama wasikilizaji wake wanadhani watu wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Hasemi kwa nini mnara ulianguka. Wala hasemi kwa nini uliwaangukia wale 18 na si wengine. Swali la kuwahukumu marehemu analiondoa mezani, na badala yake anatuuliza sisi tunaosimulia.

Tulipaswa kuisoma sura hiyo Agosti ile. Mama aliyempoteza kijana wake wa bodaboda hakuhitaji kusikia kwamba mwanawe amekufa mwizi. Na tusisahau kwamba waliounguzwa na moto ule si wachota mafuta peke yao. Walikuwamo wapita njia, na watu waliosimama tu kutazama, kama ambavyo yeyote kati yetu angesimama.

Sasa tuje kwa Ayubu, maana ndiye tunayemtaja zaidi misibani. Tunapenda maneno yake ya sura ya kwanza, anapokubali kwamba aliyempa ndiye aliyemnyang'anya, na kulibariki jina la Bwana. Ni maneno matakatifu, na mwenye uchungu akiyasema mwenyewe yana uzito wa dhahabu. Ila sisi wageni tunamwekea mfiwa maneno hayo mdomoni siku ya kwanza ya matanga, kana kwamba kitabu kinaishia hapo. Kitabu kina sura 42. Katika sura ya tatu Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura nyingi baada ya hapo anabishana na Mungu, analalamika, anadai apewe nafasi ya kujieleza.

Rafiki zake wanafanya jambo jema mwanzoni: wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wanaharibu wanapofungua vinywa. Wana theolojia safi, yenye mpangilio, ambayo ingepata alama nzuri katika mtihani wetu: Mungu ni mwenye haki, wewe unateseka, basi umekosa. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, yule aliyekuwa akipiga kelele! Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya kitume *Salvifici Doloris* ya tarehe 11 Februari 1984, anarudi kwa Ayubu kuonyesha jambo hilo hilo: si kila mateso ni adhabu, na mateso ya asiye na hatia hayana budi kupokelewa kama fumbo.

Hapo msomaji makini atauliza: basi si mapenzi ya Mungu? Kanisa linajibu kwa kutofautisha, na tofauti hii si mchezo wa mafrateri wa falsafa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba Mungu hataki uovu utendeke. Anauruhusu, na anao uwezo wa kutoa jema hata humo. Kutaka na kuruhusu si kitu kimoja. Baba anayemwachia mwanae mkubwa uhuru wa kwenda zake hakutaka avunjike mguu. Mfano huo una mipaka yake, tunakiri, maana baba wa duniani hakuona litakalotokea na Mungu anaona. Lakini unatosha kutuzuia tusimwambie mjane kwamba Mungu alimtaka mume wake aungue. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe inakiri, katika namba 309, kwamba swali la uovu halina jibu la haraka, na kwamba jibu ni imani ya Kikristo kwa ujumla wake: uumbaji, dhambi, Umwilisho, Kanisa, sakramenti. Jibu la ukubwa huo halitoshei katika salamu ya rambirambi.

Kama tumaini si kujua sababu, ni nini basi? Tunaliona vizuri zaidi katika Gethsemane. Yesu hakwenda kwenye mateso kwa tabasamu. Alihuzunika, akawaambia rafiki zake hivyo waziwazi, akawaomba wakeshe naye. Akamwomba Baba kikombe kimwepuke, na akaomba hivyo mara tatu. Msalabani akasali kwa maneno ya Zaburi ya 22, ya mtu anayemuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Swali hilo halikujibiwa Ijumaa ile. Hata hivyo aliyeulizwa ni Mungu, na anaitwa Mungu wake. Anayelalamika kwa Mungu bado anamtegemea. Aliyekata tamaa hana tena wa kumlalamikia.

Kwa hiyo, ndugu unayepitia kipindi kigumu, iwe ni ugonjwa, kufukuzwa kazi, ndoa inayovunjika, au wito unaoyumba, usilazimike kusali uongo. Mwambie Mungu ilivyo. Ukishindwa kupata maneno, Zaburi zinayo, na karibu theluthi moja ya Zaburi ni za maombolezo.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu tumaini hupotoshwa pia upande wa pili. Shetani alimshauri Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Anayeacha dawa za hospitali ili aonyeshe imani anakaribia kinara kile. Na lori la mafuta likipinduka tena barabarani, kumtumaini Mungu ni kukaa mbali na kuwazuia wengine.

Lakini tukisema hivyo, inafaa tujiulize pia kwa nini watu walikwenda. Dumu la lita 20 za petroli ni pesa, na kuna nyumba ambazo pesa hiyo ni chakula cha siku nyingi. Tarehe 10 Agosti Kanisa huadhimisha Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258. Mapokeo yanasimulia kwamba alipoamriwa aikabidhi hazina ya Kanisa aliwaleta maskini, na kwamba alikufa kwa moto. Ni siku hiyo hiyo ya mwaka. Hatutaki kujenga maana juu ya tarehe, tungekuwa tunarudia kosa la rafiki za Ayubu. Tunasema tu kwamba kila mwaka siku hiyo tunapovaa nyekundu kwa ajili ya Laurenti, waliozikwa Kola tunawaombea papo hapo, bila kujali walishika dumu au hawakushika.

Katika parokia, jambo hili linahusu zaidi mwezi wa tatu kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi jumuiya ndogo ndogo ipo, WAWATA wapo jikoni, kwaya ipo. Baada ya arobaini watu wanapungua, na ndipo swali la kwa nini linapokuja usiku. Anayekwenda wakati huo, akakaa, akasaidia kuchota maji au kumsindikiza mtoto shule, na asitoe maelezo yoyote, anampa mfiwa nafasi ya kuendelea kumtumaini Mungu kwa mwendo wake mwenyewe.

Kila Ijumaa, katika Sala ya Mwisho wa siku, Kanisa linatupa Zaburi ya 88. Ni ya huzuni kuliko zote, na tofauti na nyingine haigeuki kuwa sifa: neno lake la mwisho ni la giza. Mafrateri wapya huwa wanasubiri kidogo, wakidhani kuna ubeti umesahauliwa. Kisha tunaendelea na kiitikizano cha kuiweka roho mikononi mwa Bwana, na wimbo wa mzee Simeoni, tunazima taa za kikanisa, na kutoka nje tunasikia malori yakipita barabara ya Iringa.