Chumba cha Kusikilizia Santuri

Katika nyumba nyingi za Kampala ingaliko gramafoni ya mzee, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua juu yake. Kabatini zimelala santuri ambazo hazijaguswa tangu kaseti zilipoingia. Siku hizi wako watu wanaotamani kuirudia starehe hiyo, na jambo hilo ni jema. Ila wengi hukimbilia kununua spika kubwa kabla ya kukitazama chumba chenyewe, na hapo ndipo fedha zinapopotea bure.

Tuchukue mfano wa entenga, ngoma za Kabaka wa Buganda. Ngoma hizo ni 15 na hupigwa na watu 6. Kati yake 12 zimelinganishwa sauti hata zikaweza kutoa wimbo. Hugh Tracey alirekodi muziki wa ikulu hiyo mwaka 1950 na 1952. Mwezi Mei, 1966, majeshi ya serikali yaliposhambulia Lubiri, ala nyingi ziliangamia na wapigaji wakatawanyika. Basi msikilizaji wa leo anayetaka kujua jinsi ngoma hizo zilivyolia katika ikulu ya wakati ule hana budi kuzitegemea rekodi. Akizipiga katika chumba chenye mwangwi, zile ngoma 12 zitageuka kishindo kimoja, mfano wa lori lililobeba mapipa matupu.

Nyumba zetu za sasa zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha mapana ya vioo. Vitu hivyo vyote huirudisha sauti. Simama katikati ya chumba upige kofi moja: ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, kazi ianzie hapo. Tandika zulia au mikeka miwili mitatu, tundika pazia zito, weka kochi la sponji na kabati la vitabu visivyopangwa kwa usawa. Lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba, hupendeza ukutani, lakini likibandikwa peke yake halizuii sauti nyingi. Litundike shubiri moja mbali na ukuta, na nyuma yake uweke blanketi kuukuu. Trei za mayai ambazo vijana hupenda kuzibandika ukutani hazina msaada mkubwa. Afadhali mayai yenyewe.

Spika zisisukumwe pembeni, kwa maana pembe za chumba huzidisha mvumo mzito. Ziwe umbali ulio sawa baina yake na kutoka kwa msikilizaji, na vipaza vidogo vya sauti nyembamba viwe kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Anayeishi katika chumba cha kupanga, ambako ukuta ni mmoja na jirani, aziinue kutoka sakafuni na kuziwekea mpira chini.

Kuhusu mashine yenyewe, la kwanza ni sindano. Sindano iliyolika huchimba mifereji ya santuri, na uharibifu huo hautengenezeki. Tena santuri za zamani za mizunguko 78 zahitaji sindano nene kuliko zile za 33 na 45. Ukanda wa mpira uliokaa miaka mingi huyeyuka ukawa kama lami, hivyo ubadilishwe kabla ya kuwasha. Mvumo usiokwisha mara nyingi husababishwa na waya wa ardhi uliokatika. Kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka, kidhibiti cha umeme chafaa kununuliwa kabla ya spika. Na radi zikianza, chomoa kila kitu. Wenye nyumba za mabati yasiyo na dari watalazimika kuahirisha usikilizaji mvua inaponyesha.

Santuri zisimamishwe wima, mbali na jua, zisirundikwe kama sahani za chakula. Vumbi jekundu lifutwe kwa brashi laini, kufuata mzunguko. Na kama umekuta wimbo ambao hujausikia mahali pengine popote, safisha santuri hiyo vizuri, kisha uunakili katika kompyuta siku ile ile ya kwanza unapoupiga. Jina la mwimbaji, na mahali iliponunuliwa, uliza sasa uyaandike kwenye jalada, wakati mzee angali anakumbuka.