Samaki wa Kula Mwani: Tangi Likomae Kwanza

Familia iliyoweka tangi la samaki sebuleni kwa mara ya kwanza haichelewi kukutana na mwani. Wiki ya pili au ya tatu vioo hushika utando wa kahawia, kisha wa kijani, na watoto huanza kuuliza. Baba huenda dukani, huuziwa samaki mdogo mwenye mdomo wa kunyonya na kuambiwa kwamba huyu ndiye mfagizi wa tangi. Siku chache baadaye mfagizi huyo huonekana akielea, na maswali ya watoto huzidi kuwa magumu.

Aghalabu chanzo ni upya wa tangi lenyewe. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria, wakaao zaidi ndani ya kichujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, iliyo sumu vilevile, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kustawi. Katika muda huo maji yaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi ilhali yanaua. Kwa hiyo yapimwe kwa vipimo vinavyouzwa kwa kazi hiyo, yasiaminiwe kwa macho. Utando wa kahawia nao mara nyingi hutoweka wenyewe. Sponji safi isiyo na sabuni yatosha.

Baada ya subira hiyo ndipo tuzungumze juu ya kuchagua. Wauzaji huwaita "pleko" samaki wengi wa jamii moja kutoka Amerika ya Kusini. Pleko wa kawaida dukani huwa mfupi kuliko kidole. Akikua hupita sentimita 30, na tangi la lita 60 huwa jela kwake. Wenye kuchoka naye humtupa mtoni, jambo ambalo hatulikubali hata kidogo. Huko Mexico, katika bwawa la Infiernillo, samaki wa jamii hii walizaana hata wakajaa katika nyavu za wavuvi wa perege. Nasi tunao wavuvi wanaoishi kwa perege.

Kwa tangi la lita 100 hivi, twapendekeza ndugu yake mdogo, Ancistrus, ambaye dume lake huota vindevu puani. Hukua hadi sentimita 12 au 15, naye hupenda kipande cha tango mwani ukipungua. Otocinclus ni mdogo zaidi, sentimita 4 tu, mpole, na hutaka wenzake wasiopungua 5. Huyu ndiye anayedhulumiwa kuliko wote: hula utando laini ambao tangi jipya halina, akafa kwa njaa mbele ya macho yetu. Kiumbe aliyefungiwa kiooni hana pa kwenda kutafuta riziki. Asubiriwe miezi kadhaa.

Yupo wa kuepukwa, Gyrinocheilus wa Asia. Utotoni ni mchapakazi. Ukubwani huwa mkali na huganda ubavuni mwa wenzake, akawanyonya ute wa ngozi.

(Wapo pia Tropheus wa Ziwa Tanganyika letu, ambao hukwangua mwani miambani, lakini ni wagomvi na hutaka maji magumu. Si wa mwenye kuanza.)

Hata hivyo, hakuna samaki atakayeshinda taa inayowaka usiku na mchana. Mwanga wa saa 6 hadi 8 watosha, mbali na dirisha lenye jua, na chakula kiwe kile kinachokwisha kwa dakika 2. Ikiwa mwani bado umezidi, nendeni dukani na maswali mawili: samaki huyu atafikia urefu gani, na mwani ukiisha atakula nini? Muuzaji akishindwa kujibu, samaki wake na abaki dukani.