Nani Atashinda? Namna ya Kutabiri Pambano la Ngumi Bila Kujidanganya

Ikifika Jumamosi ya pambano kubwa la ngumi, pale Njisi, mpakani Kasumulu, kila mtu ni mtaalamu. Kwenye kibanda umiza utamsikia dereva wa bodaboda akiapa kwamba "huyu havuki raundi ya nne", na mbadilisha fedha mwenye bunda la kwacha mkononi akimjibu kwamba mpinzani hajawahi kupoteza. Baada ya hapo simu zinatoka mfukoni, mkeka unasukwa, na hela ya matumizi ya kesho inaingia humo.

Je, matokeo ya pambano ambalo halijapigwa yanaweza kutabiriwa? Jibu fupi: yanaweza, kwa kiasi. Ila utabiri mzuri haukupi jina la mshindi. Unakupa namba, yaani uwezekano. Ukiielewa namba hiyo, utaelewa pia kwa nini mikeka mingi inachanika.

Rekodi inasema nini, na inaficha nini

Kitu cha kwanza tunachotazama ni rekodi. Tuseme bondia kapigana mara 18, kashinda zote, 15 kwa KO. Inatisha, sivyo? Sasa uliza: kawapiga kina nani?

Ngumi za kulipwa hazina ligi. Kwenye mpira, Simba atakutana na Yanga apende asipende, ratiba imeshapangwa. Kwenye ngumi mpinzani anachaguliwa, na promota anayemlea kijana wake ana kila sababu ya kumtafutia watu atakaowapiga. Kwa hiyo ushindi 18 unaweza kuwa kazi kubwa, au unaweza kuwa ushindi mmoja rahisi uliorudiwa mara 18. Vilevile, bondia mwenye vipigo vitano anaweza kuwa alivipata ugenini, mbele ya watu wazito, baada ya kuitwa wiki chache kabla.

Mfano tunao nyumbani. Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, kuziba nafasi ya dakika za mwisho dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Eggington ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Raundi ya 2 mwamuzi akasimamisha pambano: Mwakinyo kashinda kwa TKO.

Watabiri walikosea wapi? Mabondia wanaopigana nyumbani tu wanakuwa kama kisiwa. Tunajua nani ni mkali kuliko nani ndani ya kisiwa, lakini hatuna daraja la kuwalinganisha na walio nje. Wengi walichukua "hatumjui" wakaifanya "hana uwezo", na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kosa hilo lina upande wa pili. Tarehe 3 Septemba 2022, Mwakinyo alirudi Uingereza, safari hii Liverpool, kupigana na Liam Smith, aliyewahi kushika mkanda wa dunia wa WBO. Pambano likaishia raundi ya 4, Smith kashinda. Aliyekuwa ameufanya usiku mmoja wa Birmingham kuwa kipimo pekee alichana mkeka.

Alama badala ya hesabu ya ushindi

Njia moja ya kurekebisha tatizo la rekodi ilitoka kwenye sataranji. Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alitengeneza utaratibu ambao kila mchezaji ana alama. Wakikutana wawili, tofauti ya alama zao inageuzwa kuwa uwezekano wa kushinda:

- tofauti 0: asilimia 50 kwa 50
- tofauti 100: mwenye alama nyingi ana asilimia 64
- tofauti 200: asilimia 76
- tofauti 400: asilimia 91

Baada ya mchezo, mshindi anachukua alama kutoka kwa aliyeshindwa. Anachukua ngapi? Inategemea matokeo yameshangaza kiasi gani. Tuseme kiwango cha juu cha alama zinazoweza kuhama ni 32. Aliyekuwa na asilimia 76 akishinda, anapata kama 8 tu, kwa sababu tulishalitegemea hilo. Akipigwa, anapoteza kama 24. Na anayempiga mtu aliye chini yake kwa alama 400 anaambulia kama 3. Hapo ndipo rekodi ya kupikwa inapoumbuka: bondia anaweza kuongeza ushindi kila mwezi na alama zake zikabaki palepale.

Kwa nini ngumi ni ngumu kuliko mpira

Timu ya Ligi Kuu Bara yenye wapinzani 15 inacheza mechi 30 kwa msimu. Bondia wa kiwango cha juu anaweza kupigana mara mbili tu kwa mwaka. Takwimu zinakuwa chache, na kati ya pambano moja na lingine mtu anaumia, anazeeka, anabadilisha mwalimu au anapanda uzito.

Halafu kuna bahati. Kwenye mpira goli moja linaweza kurudishwa. Kwenye ngumi, aliyeongoza raundi tisa anaweza kumaliza usiku chini kwa konde moja. Na pambano likifika mwisho, wanaamua majaji watatu, ambao wanaweza kuona mambo tofauti.

Vuka daraja la Mto Songwe, uende kwa jirani. Isaac Chilemba, bondia wa Malawi, alipigana na Tony Bellew mjini Liverpool tarehe 30 Machi 2013. Majaji hawakukubaliana, ikawa sare. Wakarudiana London tarehe 25 Mei mwaka huohuo, Bellew akashinda kwa pointi. Watu ni walewale, wiki nane tu zimepita, matokeo tofauti. Kama mapambano mawili ya watu walewale yanaweza kupishana hivyo, anayekwambia "nina uhakika asilimia mia" anakuuzia kitu ambacho hana.

Vipo vitu vingine vinavyosaidia kusogeza namba yako juu au chini: umri, muda tangu pambano la mwisho, kama bondia alishawahi kupigwa KO hivi karibuni, kama amehangaika kupunguza uzito, alipewa taarifa mapema kiasi gani, na pambano linapigwa kwa nani. Visogeze kidogo. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake.

Odi ni uwezekano uliovaa koti

Kampuni ya kubeti ikiandika odi 1.25 kwa bondia mmoja na 3.60 kwa mwingine, gawanya 1 kwa kila odi. Utapata asilimia 80 na karibu 27.8. Jumlisha: 107.8. Lakini uwezekano wote, hata ukiweka sare, unatakiwa ujumlike kuwa 100! Hiyo ziada ndiyo faida ya kampuni, na imeshakatwa kabla kengele haijalia.

Sasa njoo kwenye mkeka. Umechagua mabondia watano "wa uhakika", kila mmoja kwa odi 1.20, na tuseme kweli kila mmoja ana asilimia 80 za kushinda. Uwezekano wa wote watano kushinda ni 0.8 zidisha kwa yenyewe mara tano: karibu asilimia 33. Yaani mikeka miwili kati ya mitatu itachanika, ingawa hukukosea kwa bondia hata mmoja. Odi zikizidishwa zinakuwa kama 2.49. Ukiweka shilingi 10,000 mara nyingi kwa namna hiyo, kwa wastani kila mkeka unakurudishia kama 8,150. Kadiri unavyoongeza mechi, ule mkato unajizidisha nao.

Mtabiri mzuri utamjuaje?

Wakulima wa Kyela wanaijua shida hii. Umeanika kakao, utabiri unasema uwezekano wa mvua ni asilimia 30, na mvua ikanyesha. Je, mtabiri kakosea? Huwezi kujua kwa siku moja. Kusanya siku zote alizosema 30: kama mvua ilinyesha karibu siku 3 kati ya 10, anajua kazi yake.

Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alipendekeza kipimo rahisi ambacho kinafaa hata kwa ngumi. Ukisema asilimia 80 na bondia wako akashinda, chukua 1 toa 0.8, zidisha jibu kwa lenyewe: 0.04. Akipigwa, ni 0.8 mara 0.8: 0.64. Alama ndogo ndiyo nzuri. Anayesema 50 kwa 50 kila siku anapata 0.25. Anayesema asilimia 100 na akakosea anapata 1 nzima, adhabu kubwa kuliko zote.

Ukitaka kujipima, chukua daftari. Kabla ya kila pambano andika jina na namba yako, baada ya pambano andika alama. Fanya hivyo kwa mapambano 30 bila kuweka hata shilingi. Wastani wako ukizidi 0.25, maana yake kusema 50 kwa 50 kila mara kungekupa utabiri bora kuliko wako. Ukiwa chini ya hapo, hongera, kuna kitu unakijua. Ila kumbuka kampuni ya kubeti nayo ina daftari lake, na ni kubwa kuliko lako.