Kiwanda cha Sukari Kutiwa Kioo

Ukingoni mwa mto, mtaani Williamsburg, New York, lipo jengo la matofali la miaka ya 1880: kiwanda cha sukari cha Domino. Kilifungwa mwaka 2004. Mwaka 2023 jengo lilifunguliwa tena kuwa afisi, nyumba ya kioo ikiwa imesimamishwa ndani ya kuta zile kuukuu. Wako wanaolisifu sana. Wengine wanung'unika kuwa mtaa wa wafanyakazi umekuwa wa matajiri. Sisi hatugombani na kioo. Twawakumbuka waliogoma hapo miezi 20, tangu 1999 hadi 2001, wakitetea kazi zao. Bango la manjano la kiwanda limetengenezwa upya, nalo huwaka usiku. Twataka wagomaji hao nao waandikwe ukutani hapo.